Mezani kwa Fundi, Mtaa wa Aggrey

Imefika.
Tangu alfajiri foleni imekunja kona,
mlinzi wa duka amekauka koo kwa "mmoja mmoja, jamani."
Mimi niko chini ya ngazi zao, chini ya bango lao,
na meza yangu ya futi mbili kwa tatu:
bisibisi, pasi ya kuchomelea, kopo la spiriti,
kioo cha kukuzia alichoniachia marehemu mume wangu.

Nsajigwa ananiletea yake, bado ina ngozi ya plastiki.
"Milioni tatu na laki mbili," ananong'ona,
kama mtu anayetaja ugonjwa.
"Ipime mkononi, fundi. Nyembamba, eti?"
Nyembamba kweli.
Mgongo wa kioo, rangi wanaiita ukungu wa asubuhi;
machoni pangu ni maji ya kuoshea mchele.
Kamera nne zimekodoa.
Tundu la waya wa masikioni waliliziba toleo la juzi,
chaja wakaitoa kwenye boksi toleo la jana:
boksi likakonda, bei ikanenepa.

Bi Chausiku anageuza vitumbua, hatua tatu kutoka kwangu.
"Inapiga simu?"
"Inapiga."
"Kama hii yangu?"
Yake ina tochi na imefungwa rababendi;
ukiichaji Ijumaa, Jumatano bado inasalimia.
"Sasa hizo milioni tatu zinapiga nini?"
Nsajigwa akacheka.
Halafu akaacha kucheka.

Miaka kumi na moja nawasikiliza watu wakitaja haja zao.
Hajatokea hata mmoja wa kuniambia,
"Fundi, natamani ingekuwa nyembamba zaidi."
Wanasema isiniunguze paja.
Wanasema ikinidondoka kwenye terazo isinitie msiba.
Kokubelwa, anayesomea uuguzi, anataka betri ya kuchomoa,
abadilishe saa nane za usiku, zamu ikiwa katikati.
Kijana wa bodaboda wa Buguruni anataka kioo
kinachosomeka saa saba za mchana, jua likiwa utosini.
Mzee Shomvi anataka herufi kubwa, basi.
Sijui haja hizi nizipeleke kwa nani.
Huko wanakochorea, sijui kama jua linafika.

Na kuna zile za mkopo.
Buku jero kila siku, mwaka na miezi juu yake.
Siku ukikosa, inajifunga:
uso mweusi, neno moja jeupe, LIPA.
Juzi Mkude aliniwekea yake hapa mezani.
Hakuomba muziki wala mpira.
Ndani mlikuwa na picha ya mama yake, ya pekee,
amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua mchicha.
"Nifungulie, fundi."
Nikamwambia, hii si mbovu, mwanangu.
Inatii.
Ila bwana wake si wewe unayelala nayo kifuani.
Nikachomoa buku jero kwenye kibindo changu.
Ikawaka.
Mama akaendelea na mchicha wake
hadi saa sita ya usiku.

"Wewe ungeinunua?" Nsajigwa ananiuliza.
Nasogeza kioo cha kukuzia, natazama chini, pembeni mwa tundu la chaji.
Ya mwaka jana nimeifungua mara arobaini,
naijua kama mfupa wa samaki ninayemla kila siku.
Hii ni ndugu yake, tumbo moja.
Kilichobadilika ni vichwa vya skrubu:
wamevikata upya, pembe tano, vidogo kama mbegu za mchicha,
ili bisibisi yangu isiingie.
Kwa hilo walifikiri sana. Kwa hilo, nawavulia ushungi.

Sikumjibu.
Naye hakungoja jibu; amekwisha kuipangusa kwa shati,
mbele, nyuma, mbele tena,
ameiinua juani ukungu wake umetemeteme,
watu wa foleni wakageuza shingo.
Kisha akainama, sauti ikashuka:

"Nivalishie kava, fundi.
Lile la elfu tatu.
Nene. Jeusi."